Waya wa Athi

Lori la Mudaki liliingia Mau Summit likivutwa kwa mnyororo,
tani ishirini na nane za mahindi ya Kitale mgongoni,
dashibodi giza kama jiko la nyumba iliyohamwa.
Ukikanyaga breki, wipa zinaamka.
Ukiwasha indiketa ya kushoto, honi inalia
kidogo, kama mtu aliyeitwa jina usingizini.

“Kompyuta imekufa,” akamwambia Wafubwa, si mimi,
kwa kuwa Wafubwa ana ndevu.
“Fundi wa Eldoret kaithibitisha, wa Timboroa kaizika.
Mpya ni laki mbili kasoro kidogo.
Bosi ana hasira tangu Burnt Forest.”

Mazishi hayo sikuhudhuria.
Nilivaa gamboti, nikaitisha mita
na ile tochi isiyohitaji kofi ndipo iwake.

Betri mbili: ishirini na tano nukta nne. Hazina neno.
Waya mnene mwekundu mpaka kwenye sanduku: mzima.
Nikafungua kifuniko.
Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha
ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri
na mkono wenye haraka, na huruma pia.
Mudaki akatazama mvua.
Sikumuuliza. Kuna maswali fundi huyatia mfukoni
pamoja na skrubu zilizobaki.

Aliyenifundisha kazi kule Molo, Tapkigen,
alikuwa mchoyo wa maneno.
“Kila mtu hutafuta umeme unakotoka,” alisema.
“Wewe tafuta unakorudi.”

Kitabuni huitwa ardhi. Gereji tunauita athi:
waya mweusi, mnyonge,
umefungwa kwenye fremu kwa boliti moja chini ya kebini,
huko ambako hata mwosha lori haoshi.

Nikamwambia Mudaki awashe taa zote.
Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri,
nyingine kwenye fremu.
Sufuri na chenji kidogo ndiyo afya.
Mita ikasema nne nukta moja.

Volti nne zimekosa mlango wa kwao,
zikaanza kubisha hodi nyumba za watu,
kwa wipa, kwa honi, kwa taa ya jirani.
Huo haukuwa wazimu.

Wafubwa akalala tope. Boliti ikatoa unga,
nusu kutu, nusu kijani cha shaba iliyooza.
Msasa, mpaka chuma kikacheka.
Grisi. Spana, robo mzunguko, tena robo.
Dashibodi ikawaka yote,
na Mudaki alishavaa koti.

“Bado.”

Kwa maana ile karatasi ya fedha ilikuwa na deni lake.
Indiketa ya kushoto ya trela haikuitika.
Ndani ya sanduku njia moja ilikuwa imeungua,
relei yake nyeusi kama buni iliyosahauliwa kaangoni.

Akataja bosi. Akataja bei ya gunia inavyoshuka.
Mimi nikataja mteremko wa Sachangwan.
Tukanyamaza,
kwani sote wawili tumewahi kushuka kule usiku na tochi
tukiita majina.

Akalala kwenye magunia. Nikalehemu hadi saa tisa,
kwa relei niliyoitoa katika maiti ya mwaka jana.

Asubuhi bosi akapiga simu: “Nitumie picha ya kilichoharibika.”
Nikaipiga picha boliti kiganjani mwa Wafubwa.
Kimya kirefu. Kisha: “Hiyo tu?”
Hiyo tu.

Mudaki aliondoka ukungu ukiwa bado umelalia lami.
Nilisimama na kikombe changu, chai inapoa,
nikiitazama ile indiketa ya kushoto, waka, zima, waka, zima,
barabara ikiwa imenyooka, hakuna pa kukata kona.
Labda aliisahau.
Labda alikuwa ananionyesha.